Manowari Iliyofunguliwa Ubavuni

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Najua mtacheka, Ondieki na Moraa, kwa sababu hata daktari aliyenistaafisha alicheka kidogo kabla ya kujikaza. Alisikiliza kifua changu, akainua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninachora michoro ya kuchongea mawe. Akasema hajawahi kuona mchoro ukimziba mtu kifua, na labda huwa ninasimama karibu na msumeno. Ni kweli nilisimama karibu na msumeno. Nilisimama hapo miaka sita nikiwa na rula mkononi, kwa sababu sikuamini kwamba mstari niliouchora ungebaki mahali pake nikienda kunywa chai.

Alisema hali bado si mbaya, ila vumbi basi. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma kwenye simu kuhusu kila ugonjwa wa mapafu unaojulikana, na kwa kila mmoja nilikuwa nimejipangia mazishi, kwa hiyo habari yake niliipokea kama nafuu. Bwana Makori, mwenye karakana, akanifanyia sherehe ya soda na mandazi, akanikabidhi saa ya ukutani kama wanavyopewa wazee, kisha akaniambia nikae niwaandikie ninyi wawili mnaochukua meza yangu. Habari za mshahara sitaandika. Hazijazi hata mstari mmoja.

Nitaanza na chuo, maana kosa lilianzia huko. Nilisomea uhandisi wa mitambo, na mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua mada ya utafiti. Wenzangu walichagua pampu za maji na mashine za kukausha majani chai. Mimi niliogopa kuchagua kitu ambacho mwalimu angeweza kwenda kukikagua. Kwetu Nyamache kuna viwanda vya chai kila upande, na mwalimu angeweza kupiga simu kwa yeyote akauliza kama niliyoandika ni kweli. Kwa hiyo nikachagua treni za kasi na manowari: jinsi zinavyosanifiwa, na jinsi wabunifu wanavyoamua zitatumika miaka mingapi kabla ya kupumzishwa. Nilijiambia hakuna mtu wa Kisii wala Nyamira atakayewahi kuniuliza swali juu ya treni ya kasi au manowari.

Baada ya chuo nilikaa nyumbani nikituma barua za kazi na kufikiria kwa nini hazijibiwi. Je, niliandika "Mheshimiwa" mahali palipotakiwa "Ndugu"? Mama alichoka kuniona nikizunguka migombani nikizungumza peke yangu. Akasikia kanisani kwamba karakana moja ya Mosocho, inayochonga sanamu za jiwe laini la Tabaka, inatafuta kijana wa kuchora, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kuagiza vitu ambavyo wachongaji hawajawahi kuviona. Akanipigia pasi shati. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza nilipewa tembo. Nadhani Bwana Makori alitaka tu kuona mkono wangu. Nilichora tembo huyo asubuhi nzima, kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu, nikaandika vipimo vya kila kitu mpaka kucha. Nikampelekea Mzee Ogeto, mchongaji mkuu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo sijawahi kumwona akiivua. Akaigeuza ile karatasi huku na huku.

"Injinia," akasema, "huyu tembo nimchonge, ama nimpeleke kwa fundi akashonewe suti?"

Karakana nzima ikacheka. Wanawake wanaosugua mawe, waliokuwa wameketi kwenye beseni zao za maji chini ya kivuli chembamba cha paa la mabati, walicheka zaidi, na mmoja akaniuliza kama kola itakuwa ya mviringo. Jina la Injinia likanishika siku hiyo na halijaachia. Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza kama wamenicheka kwa upendo au kwa dharau, na kama kuna njia ya kuuliza bila kuchekwa tena.

Ondieki, wewe bado unapima kucha za tembo. Nimekuona. Acha. Sanamu ambayo mchongaji ameichonga mara elfu haihitaji mchoro wako. Mchoro ni wa kitu kigeni, na hata hapo mpe vipimo vitano au sita vya kumsaidia asipotee, umwachie mengine.

Kuhusu jiwe, mtajifunza kwa Ogeto kuliko kwangu, lakini mambo mawili nitayasema. La kwanza, mwagieni maji kabla ya kuchora chochote juu yake. Jiwe kavu huonekana jeupe lote, safi kama unga. Likilowa, mishipa yake hujitokeza, ya waridi na ya kijivu, na hapo ndipo mtajua litapasukia wapi. La pili, msumeno ukate jiwe bichi, lililolowa. Wanaokata jiwe kavu wanataka kumaliza haraka, na vumbi lao halichagui pua ya kuingia. Moraa, hiyo barakoa uliyoitundika msumarini haikingi kitu ikiwa msumarini.

Mwaka wangu wa pili ndipo yale niliyoyakimbia yaliponifikia. Madam Akinyi, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi Nairobi ambaye watu wake ni wa upande wa ziwani, aliagiza vitu viwili vya kuweka darasani: treni ya kasi na manowari, kila kimoja urefu wa mkono. Alikuwa akifundisha somo la umri wa mitambo na alitaka wanafunzi wake waone kwa macho kwamba umbo la chombo hutokana na kazi yake. Bwana Makori alinisomea ujumbe huo kwa sauti kubwa, akanitazama. Nikasema sijui chochote kuhusu mambo hayo. Akasema, "Lakini kwenye barua yako ya kuomba kazi uliandika ukurasa mzima."

Tukaanza na treni. Ogeto aliangalia mchoro akaniuliza kwa nini nimeipa pua ya bata.

Nilimweleza. Treni ya kasi inapoingia kwenye handaki huikamata hewa iliyomo na kuisukuma mbele yake. Hewa haina pa kupita. Inasongamana, inakimbia mpaka mwisho wa handaki, inatoka kwa kishindo kama cha bunduki, na watu wanaoishi upande ule wanaamka na kulaani. Pua ndefu na nyembamba inaiingilia hewa polepole. Ogeto akaigeuza tena karatasi, nikaona nimeshindwa, nikajaribu tena. Nikamwambia achukue chupa, asukume gunzi la mahindi kwa nguvu kwenye mdomo wa chupa.

"Linapiga pu," akasema.

"Na ukilichonga ncha kwanza?"

"Linaingia kimya." Akafikiri. "Basi ungesema gunzi tangu mwanzo. Mambo ya handaki ya nini, na sisi hatuna handaki?"

Alichonga pua nzuri sana, na pua hiyo ikavunjika siku iliyofuata. Mshipa ulikuwa umelikata jiwe kwa upana, pale pale penye wembamba. Akatafuta jiwe lingine, akalimwagia maji, akalilaza ili mshipa ufuate urefu wa treni. Pua ya pili ilidumu. Tangu wakati huo, chochote kirefu na chembamba, iwe shingo ya twiga au mtutu wa mzinga, nilikichora kikifuata mshipa, na ninyi fanyeni hivyo.

Manowari ndiyo iliyotutesa, na aliyetutesa hasa alikuwa Mama Bosibori. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wanaosugua. Hakuna kinachotoka karakana hii kabla ya kupita kwenye beseni lake, na sheria yake ni moja: kidole kisikwame. Anasugua kwa msasa mkali, halafu wa kati, halafu laini, yote ndani ya maji, kisha anakausha juani na kupaka nta. Ukimpa sanamu ya kiboko anakurudishia kiboko anayeteleza mkononi. Ana haki ya kujivunia.

Sasa, manowari za siku hizi zimejengwa kwa kuta bapa zilizolala kidogo, zenye pembe kali. Si urembo. Mawimbi ya rada ya adui yakigonga ukuta uliosimama wima hurudi moja kwa moja na kusema meli iko hapa. Yakigonga ukuta uliolala yanaruka kwenda kando. Ogeto alizichonga kuta hizo kwa patasi na tupa, akazinyoosha kwa rula yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilienda kunywa chai bila wasiwasi. Kisha nikachukua mapumziko ya siku mbili, na niliporudi manowari ilikuwa imekwisha kusuguliwa, imepakwa nta, imefungwa kwa majani makavu ya migomba na kupelekwa Nairobi.

Madam Akinyi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Treni ni nzuri mno," akasema. "Lakini Injinia, niliagiza manowari. Mbona mmeniletea kiboko?"

Akatuma picha. Kila pembe ilikuwa imemezwa. Kuta zimevimba, mlingoti umenona, mizinga imekuwa kama vidole gumba. Nilimpelekea Mama Bosibori simu, nikiwa nimefanya mazoezi ya maneno ya heshima kwa muda mrefu nyuma ya choo.

"Mama, hizi pembe zilitakiwa zibaki kali."

"Kali kwa nani? Mteja akipitisha kidole kikakatika, atakutukana wewe?"

"Meli ya vita ina pembe, Mama."

"Na treni je? Treni uliniambia lazima iwe laini kama yai. Nikaifanya yai. Leo unaniambia meli iwe na pembe. Zote mbili si zinakwenda?"

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Zote zinakwenda. Lakini treni adui yake ni hewa, na manowari adui yake ni macho. Nilipomwambia hivyo alichukua kipande cha ubao, akakizungushia msasa na kukipitisha juu ya jiwe moja kwa moja bila kukizungusha. Ukuta ukabaki bapa, pembe ikabaki pembe. "Ungesema wanaotazamwa wasinone," akasema. Vile vibao vilivyozungushiwa msasa, ambavyo vimo kwenye ndoo ya bluu, vilianzia hapo. Tukatengeneza manowari nyingine. Ile ya kwanza Bwana Makori aliiuza kwa mtalii aliyedhani ni kiboko.

Madam Akinyi aliomba pia maelezo mafupi ya kuweka chini ya kila kimoja, yaeleze kinavyozeeka. Niliandika kurasa kumi na moja, nikapunguza mpaka nne, Bwana Makori akapunguza mpaka mistari mitatu. Maana yake ilikuwa hii. Vyombo vyote viwili wabunifu huvikadiria miaka kama thelathini, lakini havizeeki namna moja. Treni ya kasi huchoshwa na hewa: kila inapoingia na kutoka kwenye handaki mwili wake hubonyezwa na kuachiwa, hata kama ndani wamekaa abiria wachache, na magurudumu yake huchongwa upya mara kwa mara mpaka yanakuwa madogo na kubadilishwa. Manowari bati lake linaweza kuishi muda mrefu. Kinachozeeka haraka ni vilivyomo, yaani injini, rada na mizinga. Kwa hiyo katikati ya maisha yake huingizwa gatini, hutolewa maungo ya ndani na kutiwa mengine, na ikitoka huwa na sura nyingine. Hilo la mwisho sikujua kama litakuja kunifaa.

Picha ya manowari ya Madam Akinyi ilitembea kwenye simu za watu. Ikamfikia mzee mmoja wa Ekerenyo, Mzee Nyandoro, aliyekuwa fundi wa injini katika jeshi la majini maisha yake yote ya kazi. Alikuja Mosocho kwa boda boda akiwa amevaa koti, tai na kofia, akauliza aliyechora meli. Nilidhani amekuja kunikosoa. Nilianza kuomba msamaha kabla hajaketi.

"Sina neno na ile meli yako," akasema. "Nataka yangu."

Meli yake ilikuwa imepumzishwa muda mfupi kabla yake yeye, ikavutwa na kwenda kukatwakatwa. Alikuwa na picha mbili. Katika ya kwanza meli ilikuwa mpya, na katika ya pili ilikuwa imezeeka, mlingoti mwingine, mzinga wa mbele mwingine. Nikamuuliza anataka ipi. Akasema yoyote, bora iwe kubwa na ipendeze. Mimi siwezi kusikia neno "yoyote" nikalala. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya mke wangu."

Hapo akavua kofia akaiweka gotini, akasimulia polepole. Mwaka mmoja meli ilikuwa imekwenda safari ndefu, miezi kadhaa, nchi za mbali. Akiwa huko, mama mkwe wake alifariki, na mkewe, Mama Kwamboka, alimzika mamake peke yake, watu wakiuliza mkwe yuko wapi. Aliporudi, mkewe alimpokea, akampa chakula, akamuuliza jambo moja tu: uliona nini huko? Akamjibu, sikuona kitu.

"Na ni kweli sikuona," akaniambia. "Lakini nani anaamini? Mtu azunguke dunia nusu mwaka, arudi bila hata hadithi moja? Alisema ninaficha. Alisema labda kuna mwanamke. Akaacha kuuliza. Nilipokuwa kazini haikuwa neno, nilikuwa narudi mara moja moja. Sasa nimestaafu, watoto wamekwenda, tuko wawili tu. Ananipa chai kwa heshima, kama mgeni. Ukimwona utasema ni mke mzuri, na ni mke mzuri. Lakini hatuzungumzi. Nikasema nimpelekee meli aione. Labda akiona ilivyokuwa kubwa atajua nilikuwa kazini."

Nilitazama zile picha. Katika zote mbili mabaharia walikuwa wamejipanga juu kwa sare nyeupe. Nikamuuliza yeye ni yupi.

"Mimi simo. Tulikuwa chini, injini haziachwi." Akaweka kidole kwenye maji, chini ya meli. "Hapa."

Nililala nikikiwaza kidole hicho. Kama Mama Kwamboka angepewa meli ile nzuri, na sitaha yake pana, na mlingoti na mizinga yake, angefikiria nini? Angefikiria mtu aliyesimama juu, upepo usoni, akitazama nchi za watu. Zawadi ingethibitisha shaka yake. Asubuhi nilimpigia Mzee Nyandoro nikamuuliza: ile meli ilipobadilishwa injini, zile za zamani zilitolewa vipi? Zilipita mlangoni?

Akacheka. "Injini ipite mlango gani? Waliikata ubavu gatini. Walifungua bati zima, wakazivuta nje, wakaingiza mpya, wakashona."

"Basi hiyo ndiyo tutakayochonga," nikasema. "Ya siku ile."

Alikataa. Alisema mle ndani ni joto na mafuta, hakuna cha kumwonyesha mtu, na yeye hataki mkewe aone shimo. Tulibishana kwa simu siku tatu, mimi nikiwa na hakika na pia nikiwa na hofu kwamba hakika yangu ni kiburi. Mwishowe akasema, "Fanya, lakini kiwe na kifuniko. Nikiona aibu nitakifunga."

Kifuniko ndicho kilichokuwa kazi. Ogeto alikata bamba la ubavu kwa msumeno mwembamba, jiwe likiwa kavu, maana maji yalikuwa yakificha mstari, na mimi nilisimama pale pale pua yangu ikikaribia jiwe. Bamba la kwanza lilivunjika, na la pili pia. La tatu tuliliacha nene kuliko nilivyotaka, likakaa. Ndani akachimba chumba, injini mbili zimelala sambamba kama mikate, ngazi moja ya kwenda juu, na mbele yake chumba kidogo cha vitanda vilivyobebana. Mzee Nyandoro alikuja mara mbili kuelekeza. Kila alipokuja alisogeza kitanda chake kidogo kwenye mchoro wangu, karibu zaidi na injini. Sehemu yote inayokaa chini ya maji tuliipaka rangi nyeusi. Mama Bosibori akasugua kwa kibao, pembe zote kali, ila ndani ya chumba alisugua kwa kidole chake chenyewe kilichofungwa msasa. "Hapa panakaa mtu," akasema, na sikumbishia.

Mimi na Mzee Nyandoro tuliipeleka Ekerenyo siku ya Ijumaa alasiri. Nilikaa nyuma ya boda boda nikiwa nimeikumbatia meli ndani ya majani makavu, na kila jiwe la barabarani nililiomba msamaha. Ijumaa haikuwa siku nzuri. Nyumba hiyo ni ya Waadventista, jua likizama Sabato imeingia, na Mama Kwamboka alikuwa mbioni: nguo za kanisani juani, pasi ya makaa inafuka, chungu cha chakula cha kesho jikoni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuamrisha. Waliongea Kigusii, nami maneno yao nayaandika kwa Kiswahili.

"Wekeni hapo mezani, jua linakwenda," akasema. Tukaifungua. Akaiinamia akiwa bado ameshika pasi. "Ni nzuri. Ilikuwa kubwa kweli, ama ni ukubwa wa kuchongwa?"

"Kubwa kutoka hapa mpaka kwa jirani," Mzee Nyandoro akasema.

"Ooh." Akazunguka meza. "Na wewe ulikuwa unasimama wapi? Hapa mbele, na huu mzinga?"

 Mzee alinitazama. Nilikuwa na sentensi nne tayari kinywani na kwa bahati njema niliogopa kuzisema. Mkono wa Mzee ukaenda kwenye ubavu wa meli, ukasita, ukavuta lile bamba, akaliweka kando.

Mama Kwamboka aliweka pasi chini. Akachungulia.

"Hii ni nini?"

"Injini. Na hiki ndicho kitanda changu."

"Dirisha liko wapi?"

"Hakuna."

"Dirisha la chumba, nasema."

"Hakuna, Mama Kwamboka. Maji yanafika hapa." Akaonyesha pale rangi nyeusi ilipoanzia, juu kabisa ya chumba. Yeye naye akaweka kidole hapo, akakishusha taratibu mpaka kwenye kitanda, akakiacha hapo.

"Na mchana mlijuaje ni mchana?"

"Tuliangalia chakula. Wakishusha uji, ni asubuhi."

"Miezi yote ile."

"Kulikuwa na fundi mwingine, lakini alikuwa mgonjwa. Mkifika bandarini wengine wanashuka, mimi nazima hii moja naifungua, natengeneza. Tukiondoka ninaiwasha." Akaigusa injini. "Nilikuambia sikuona kitu. Sikuwa nakudharau."

Mama Kwamboka hakulia, na hakusema amemsamehe. Alivuta kiti, jambo ambalo nadhani halijawahi kutokea nyumbani humo Ijumaa saa hiyo. Akaketi mbele ya meli, mikono mapajani, nguo za kanisani zikiwa bado juani.

"Basi niambie ulisikia nini," akasema.

Mzee naye akavuta kiti. Kisha akaanza kueleza sauti: injini ya kushoto ilikuwa na mlio huu, ya kulia ilikuwa na huu, mawimbi makubwa yakija kulia yalipiga bati hivi, na siku waliyopokea taarifa ya msiba kwenye redio ya meli alikuwa akisikia nini. Alieleza vibaya, akirudia na kujisahihisha. Mkewe alikuwa akiuliza kila kitu mara mbili.

Hakuna aliyenikumbuka. Nilisubiri chai kidogo, nikaaga, sikujibiwa, nikatoka. Mnajua kwetu mgeni hasindikizwi kwa mdomo, husindikizwa mpaka barabarani, na mimi nilikwenda barabarani peke yangu. Njia yote nilijiuliza nimewakosea wapi. Je, ningebisha hodi kwanza? Je, ningekataa kiti? Nilikuwa nimefika kwenye ua wa kando ya barabara nilipowasikia kutoka nyuma ya migomba, dirisha la sebule likiwa wazi. Mzee alikuwa akinguruma kwa koo lake, akiiga injini inayowashwa, na Mama Kwamboka akamkatiza:

"Hapana, hiyo ni ya kulia. Anza tena na ya kushoto."